Rafiki, Ndugu, Mheshimiwa: Ushuhuda wa Marafiki na Maneno Tunayoitana

Masomo: Yohana 15:12–17, Yakobo 2:1–9, Mathayo 5:33–37

Mwaka 1897 Wakristo wachache kutoka Uingereza walifika Pemba, kisiwa cha karafuu, wakaanza kazi katika shamba la Banani, karibu na Chake Chake. Wenyewe walijiita Marafiki. Duniani wanajulikana zaidi kwa jina la Quaker, yaani watu wanaotetemeka. Jina hilo walipewa kwa dhihaka katika karne ya 17, kwa sababu walihubiri kwamba mtu anapaswa kutetemeka mbele ya Mungu. Lakini jina walilolipenda ni Marafiki, na msomaji wa Injili ya Yohana anajua linakotukumbusha. Usiku wa mwisho kabla ya mateso yake, Bwana wetu aliwaambia wanafunzi kwamba tangu hapo hatawaita watumwa. Amewaita rafiki, kwa kuwa hakuna alilolisikia kwa Baba akawaficha.

Sisi wa Magomeni tunasoma maneno hayo kama mfano mzuri. Pemba ya mwaka 1897 haikuyasikia hivyo. Kule mtumwa alikuwa mtu mwenye jina na uso, aliyechuma karafuu katika shamba la mwingine, na bwana wake alikaa hatua chache kutoka kibandani kwake. Katika insha hii tunaifuata historia ya Marafiki, hasa hapa Afrika Mashariki, tukiwa na swali moja mkononi: maneno tunayoitana yanasema nini juu ya imani tunayoikiri? Na pale jamii inapobadilika, ushuhuda huo unabaki wapi?

Uhuru wa kuombwa kwa mdomo

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Wengi hudhani kwamba siku ile kila mtumwa aliamka huru. Haikuwa hivyo. Amri ilisema tu kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa wake. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe, asimame mbele ya hakimu, aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kuwa huru. Tena alitakiwa aonyeshe mahali atakapokaa na namna atakavyojipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana aliyempoteza mtumwa alilipwa fidia na serikali. Mtumwa hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na njia yao ilifunguliwa kwa sheria nyingine mwaka 1909.

Tutafakari maana yake. Uhuru wa mtu ulitegemea ulimi wake, na ulimi huo ulikuwa umefundishwa maisha yote kusema "ndiyo, bwana". Mtu ambaye hajawahi kuulizwa anataka nini alitakiwa sasa aeleze anachotaka, mbele ya wakubwa, siku moja, bila kutetereka.

Hapo ndipo Marafiki walipojitia. Mzee wao mmoja, Henry Stanley Newman, alifika Pemba mwaka uleule, na mwaka 1898 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo na shamba la Banani. Theodore Burtt alikaa kisiwani miaka mingi. Waliwapa watu waliotoka utumwani kazi ya ujira na mahali pa kukaa, wakafungua shule, na hawakuacha kuisumbua serikali ya Kiingereza kuhusu mwendo wa polepole wa ukombozi. Hawakuwa malaika. Walikuja chini ya kivuli cha bendera ya dola, na shamba lao lilikuwa bado shamba la karafuu. Wengi waliopata uhuru walibaki kwenye ardhi ya mabwana wa zamani, kwa sababu hawakuwa na ardhi yao. Idadi ya waumini wao Pemba nayo ilibaki ndogo sana. Lakini walielewa jambo ambalo kanisa lolote linaweza kulisahau: kumwambia mtu "wewe ni rafiki" bila kumpa mahali pa kulala ni nusu ya neno.

Sisi Walutheri wa Dar es Salaam hatupaswi kuitazama historia hiyo kama ya watu wa mbali. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika mji huu mwaka 1887, na miongoni mwa watu wa kwanza waliolelewa na misheni hiyo walikuwamo waliokombolewa utumwani. Kituo cha Kisarawe kilianza mwaka 1892. Utawala wa Wajerumani haukuufuta utumwa moja kwa moja, na huku bara ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kanisa letu nalo lilizaliwa katika jamii ya mabwana na watumwa, na Kiswahili kilichotumika kuhubiri ndicho kilekile kilichotumika kuamrisha.

Kwa nini Marafiki waligombana na maneno

George Fox, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1624, alihubiri kwamba nuru ya Kristo humwangazia kila mtu, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Kutokana na imani hiyo yalitoka mambo ambayo Marafiki huyaita shuhuda: amani, usawa, ukweli na maisha yasiyo na makuu. Wamechagua neno ushuhuda kwa sababu kwao imani huonekana katika matendo na mazungumzo ya kila siku kabla ya kuonekana katika maandishi.

Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na namna mbili za kumwambia mtu "wewe". Mtu wa chini aliambiwa kwa umoja, na mkubwa aliambiwa kwa wingi, kana kwamba ni watu wengi ndani ya joho moja. Wasomaji wetu hawatashangaa, maana katika lugha kadhaa za makabila yetu mzee huongeleshwa hivyohivyo, kwa wingi. Marafiki walikataa. Walimwambia kila mtu kwa umoja, awe mchunga kondoo au hakimu. Hawakuvua kofia mbele ya wakubwa na hawakutumia vyeo vya sifa. Kwa ajili ya mambo hayo, na kwa kukataa kuapa, maelfu walifungwa gerezani.

Baadaye jamii ikabadilika. Waingereza walio wengi waliacha ule umoja na kumwambia kila mtu kwa wingi. Marafiki waliendelea na neno lao la zamani, nalo likageuka kuwa alama ya watu wa ndani, kama sare. Neno lililokuwa limeangusha ukuta likawa lenyewe ukuta. Karibu mwaka 1860 Marafiki wa Uingereza waliacha kulidai neno hilo kwa kila mwumini, pamoja na yale mavazi yao ya kijivu. Walitambua kwamba ushuhuda ulikuwa usawa wa watu mbele za Mungu, na kwamba neno lilikuwa chombo tu cha kuubebea.

Hata hapo tusiwapambe. Kwa karibu miaka mia moja kulikuwa na Marafiki wa Marekani waliomwita kila mtu kwa umoja huku wakimiliki watumwa. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, Pennsylvania, akiwamo Francis Daniel Pastorius aliyelelewa katika nyumba ya Kilutheri, waliandika barua ya kupinga utumwa. Wakubwa wa mkutano wakaiweka kando. Ilibidi wafike mwaka 1776 ndipo mkutano wa Philadelphia ukakataza waumini wake kumiliki watu. Ulimi unaweza kusema usawa wakati mkono umeshika mjeledi.

Maneno yanayopanda na maneno yanayoshuka

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu. Maelezo yanayotolewa zaidi kuhusu "shikamoo" ni kwamba asili yake ni "nashika miguu yako", na wazee wengi wa pwani husema ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana. Hata hivyo leo mtoto wa Magomeni akimwamkia bibi muuza vitumbua "shikamoo", hakuna mnyororo ndani yake. Anamheshimu mtu aliyemtangulia kuona jua, na bibi naye anamjibu "marahaba" kama anayembariki. Neno "uungwana" nalo lina safari kama hiyo. Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, mwenye ukoo. Siku hizi mpagazi wa Kariakoo anayekurudishia pochi uliyoiangusha ndiye mwungwana. Kariakoo yenyewe imebeba jina la vita. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao walikufa kwa wingi wakibeba mizigo isiyo yao. Leo mtu akisema Kariakoo anafikiria nguo, viazi na simu.

Yako pia maneno yaliyoshuka. Katika mtaa wa Ifunda, hapahapa Magomeni, ipo nyumba ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliishi wakati wa kupigania uhuru, na leo ni makumbusho. Chama alichokiongoza, TANU, kiliweka katika ahadi zake imani kwamba binadamu wote ni ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "ndugu" likawa neno la kumwita kila mtu, kuanzia karani hadi waziri. Lilikuwa zuri, na karibu sana na lile Marafiki walilolipigania. Lakini wenye umri wanakumbuka jinsi lilivyopoa. Likawa neno la barua za ofisi, hata barua ya kumwachisha mtu kazi ilianza na "Ndugu". Upepo wa vyama vingi ulipokuja mwaka 1992, "mheshimiwa" alikuwa tayari mlangoni, akaingia na kukaa kiti cha mbele.

Tukiyaweka haya pamoja tunaona kanuni moja. Neno la dharau linaweza kukombolewa na watu wanaopendana, na neno la upendo linaweza kufa katika midomo ya watu wasiopendana. Hakuna neno takatifu linaloweza kutulinda peke yake. Ndiyo maana kila kizazi kina kazi ya kuutafsiri ushuhuda upya katika lugha ya siku zake.

Kanisani tunaweza kujipima kwa urahisi. Mgeni wetu akiwa mtu wa cheo, jina lake hutajwa na viti hupangwa upya. Wakati wa harambee tunataja majina na viwango, na aliyetoa mia tano anatoka akiwa ameinamisha kichwa. Yakobo aliliona hilo kabla yetu, katika habari ya yule mwenye pete ya dhahabu na yule mwenye nguo chakavu. Nyumbani, msichana anayetupikia na kulea watoto wetu tunamwita "dada". Ni neno bora kuliko "boi" la wakati wa ukoloni. Lakini dada huyo hula lini, na wapi? Je, Jumapili anakuja ibadani pamoja na familia, au anabaki kulinda nyumba? Tukimwita dada kisha tukamnyima mshahara wa mwezi, tumefanya kama wale Marafiki wa Pennsylvania.

Haki ya Mungu vile!

Ushuhuda wa pili unaotugusa ni ule wa ukweli. Marafiki waliichukua Mathayo 5 na Yakobo 5:12 kama ilivyoandikwa, wakakataa kuapa popote. Walisema kwamba anayeapa mahakamani anakiri kuwa nje ya mahakama anaweza kudanganya. Baada ya mateso marefu, bunge la Uingereza liliwapa ruhusa mwaka 1696 kuthibitisha badala ya kuapa, na sheria zetu za Tanzania nazo zina nafasi ya kiapo na ya uthibitisho. Ukweli huohuo waliupeleka dukani. Waliweka bei moja kwa kila mteja, hata mtoto akitumwa asipunjwe. Watu wakawaamini, na wengine wao wakawa wafanyabiashara na wenye benki wakubwa.

Hapa tunatofautiana nao kidogo. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo anaweza kuapa pale mamlaka inapomtaka, na anaweza kushika kazi za serikali, hata uaskari. Marafiki hawakubali kiapo wala uaskari. Lakini tunakubaliana nao kabisa kuhusu viapo vya barabarani. Pita Kariakoo usikie: "Haki ya Mungu, mama, hii nimenunua elfu kumi na mbili, sipati hata mia!" Kupatana bei si dhambi, muuzaji na mnunuzi wote wanaujua mchezo, na wengi huufurahia. Dhambi huanza Jina la Mungu linapowekwa mizani kama jiwe la kuongezea uzito. Amri ya pili katika Katekisimo Ndogo ya Luther inahusu jambo hilohilo. Washarika wetu wengi ni wafanyabiashara. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja bei na kuaminiwa bila kumwita Mungu shahidi?

Nani aruhusiwe kusema?

Katika ibada ya Marafiki wa zamani hapakuwa na mchungaji, kwaya, wala mimbari. Walikaa kimya wakimngoja Mungu. Aliyeguswa na Roho alisimama, akasema machache, akaketi, na kimya kikaendelea. Mwanamke alisema sawa na mwanamume. Margaret Fell, akiwa kifungoni, alichapisha mwaka 1666 kijitabu cha kuitetea haki hiyo kwa Maandiko. KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miaka mia tatu baadaye.

Marafiki waliokwenda Kenya walitoka Marekani, ambako wengi walikuwa wameshakubali wachungaji, nyimbo na mahubiri yaliyoandaliwa. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walianzisha misheni Kaimosi, magharibi mwa nchi. Emory Rees alifuata, na kwa kusaidiana na Joel Litu wakatia Maandiko katika Kiluragoli, watu wakamsikia Mungu kwa lugha ya mama zao. Kazi ilikua kiasi kwamba mwaka 1946 mkutano wa Marafiki wa Afrika Mashariki ulianza kujitegemea, na leo Kenya inahesabiwa kuwa nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote.

Lakini mwaka 1927 ulitokea uamsho Kaimosi. Watu waliungama dhambi hadharani, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Wakubwa wa misheni na wazee wengi wa kanisa waliingiwa na hofu, wakawakataza. Waliokatazwa wakatoka, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo bado yapo. Hebu tuone ajabu hii: watu ambao babu zao walidhihakiwa kwa kutetemeka waliwatoa wengine kwa kutetemeka. Kila kanisa lina siku yake ya kuwa mlango uliofunguliwa na siku yake ya kuwa mlango uliofungwa.

Hatusemi kwamba wazee wale hawakuwa na sababu. Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anasema kila mmoja ana cha kuleta, na papo hapo anataka waseme kwa zamu na wengine wapime. Sisi Walutheri tunashika kifungu cha 14 cha Augsburg, kwamba asihubiri hadharani wala kuhudumia sakramenti asiyeitwa ipasavyo. Tunaona hekima ndani yake, hasa katika jiji hili ambamo mtu anaweza kufungua kanisa Jumatatu na kuwa mtume Ijumaa. Wito unalinda kundi dhidi ya ulimi usiowajibika kwa mtu yeyote. Lakini Luther aliyelinda huduma ndiye aliyefundisha kwamba waliobatizwa wote ni makuhani. Tukishika la kwanza na kuliacha la pili, tunabaki na mchungaji anayesema na usharika unaosema "Amina" tu.

Mahali pa kulishika la pili ni jumuiya. Pale, katika sebule ya jirani, Neno husomwa na milango iko wazi. Tuwe wakweli: nani husema? Mara nyingi ni walewale, wenye elimu, wenye umri, au mwenye nyumba. Kijana ambaye Kiswahili chake ni cha mtaani anaogopa kuchekwa. Mjane aliyehamia juzi kutoka mkoani anaogopa lafudhi yake. Aliyeleta chai husimama karibu na mlango. Hao wanafanana na yule mtu wa Pemba aliyetakiwa asimame aombe uhuru kwa ulimi usiozoea kuulizwa.

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kwanza, baada ya kusoma Neno, jumuiya ikae kimya dakika tatu kabla ya mtu yeyote kusema. Kimya hicho si cha Marafiki peke yao. Habakuki 2:20 inakidai kwa dunia yote. Pili, mzee wa jumuiya aanze kwa kumkaribisha ambaye hajasema wiki iliyopita, bila kumlazimisha, na aliyezoea kusema awe wa mwisho. Tatu, ndani ya jumuiya tuitane kwa majina na kwa undugu, na vyeo tuviache nje pamoja na viatu. Heshima kwa wazee haitapungua. Shikamoo itabaki, maana imeshakombolewa.

Marafiki wametufundisha kwamba neno dogo linaweza kuwa ungamo la imani, na kuanguka kwao kumetufundisha kwamba neno hilohilo linaweza kuwa ganda tupu. Bwana alipowaita wanafunzi wake rafiki, kesho yake aliutoa uhai wake kwa ajili yao, na ndipo neno likawa kweli. Kila jina jema tunalomwita mwenzetu huko Magomeni ni deni. Tulilipe.